Mwanangu anaruka korongo na baiskeli, nimeificha baiskeli naona ndo nimeharibu kabisa. Ushauri jamani

MamaWawili_Ipagala

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika, mimi huku, baba watoto kule, na mama mkwe ambaye yupo hapa kwangu tangu Pasaka na yeye ana upande wake.

Nina mtoto wa kiume miaka 12, yuko la sita. Baba yake alimnunulia baiskeli ya mtumba zile za Japani, matairi manene, mimi nikajua ni ya kwendea shule na kutumwa dukani. Kumbe huku nyuma ya viwanja vipya kuna korongo, mvua zikiisha linakauka linabaki mchanga mtupu, sasa madogo wamekusanya udongo kwenye ukingo wakaumwagia maji wakaushindilia mpaka imekuwa kama kilima kidogo cha kurukia, wanatoka mbaaali wanapiga pedeli kwa nguvu zote, wanaruka, wanatua ng'ambo. Nimekuja kujua kwa sababu jirani alinionesha video kwenye simu yake ananiambia mama fulani mbona mwanao staa, natazama namuona mtoto wangu yuko hewani, tairi zote mbili haziko chini, na kavaa ndala. Ndala jamani.

Sikusema kitu. Nikachukua baiskeli nikaifungia stoo, ufunguo nikauweka kwenye pochi. Wiki mbili kimya, nikajisifu kabisa kwamba nimemaliza. Juzi narudi kutoka sokoni nakuta mtoto kachubuka kuanzia kiwiko mpaka karibu na bega, ananiambia kaanguka mpirani. Bibi yake akamkazia macho tu hata hajamgusa, akatapika yote: siku zote hizo alikuwa anaenda kulekule, anaazima baiskeli ya mwenzake ambayo breki ya nyuma haishiki kabisa. Kwa hiyo nimemtoa kwenye baiskeli nzima nikampeleka kwenye mbovu.

Baba yake yuko saiti Manyoni anarudi wikiendi, kwenye simu anasema mrudishie bwana, mtoto wa kiume lazima aanguke. Rahisi kusema ukiwa Manyoni. Akivunjika ni nani atalala naye wodini kama sio mimi, na genge nani atafungua?

Niiuze? Nimrudishie? Kuna mtu humu mwanae anafanya haya mambo na yeye mwenyewe analala usingizi? Nawasilisha.

Kiberiti77

Ndala!!! Aisee huyo dogo apewe maua yake, mimi na raba zangu naogopa hata kushuka ngazi

ShangaziMkali

Uza. Uza kesho asubuhi. Watu watakuja hapa kukwambia sijui kipaji sijui mazoezi, wao hawatachangia hata soda ya kumpelekea mgonjwa. Mtoto wa dada yangu alianguka na baiskeli akavunjika mtulinga, halafu kilichoniuma sio kuvunjika, ni kwamba walimpeleka kwanza kwa mzee mmoja wa kuunga mifupa huko kijijini, wakamkanda na kumfunga vijiti siku tisa mtoto analia, ndo wakapeleka hospitali. Mpaka leo bega moja liko chini. Uza dada.

MzeeWaBahi

Mbukwa wanangu. Nimesoma nikacheka peke yangu hapa uani.

Sisi tulivyokuwa tunachunga, mchezo wetu ulikuwa kupanda ndama. Wenzio wanamshika, unaruka mgongoni, wanamwachia, anakutupa kwenye mbigili. Na punda tulipanda, na yale mawe makubwa ya milimani tulipanda tunashindana nani atafika juu kwanza bila kutumia kamba. Mama zetu walijua? Walijua sana. Waliona miiba kwenye makalio jioni wakanyamaza. Lakini niseme ukweli ambao wazee wenzangu hawausemi, mmoja wetu alianguka jiweni na hakutembea tena vizuri, na hakuna aliyekuja kumsimulia kama kichekesho. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia "zamani tulicheza hayohayo na tuko wazima" namuuliza umewahesabu wote?

Simwambii mama auze. Namwambia tu huyo baba wa Manyoni asiongee kirahisi.

fundi_spoku

Mama mkwe apewe cheo, kumkazia macho tu mtu anakiri 😂

Sasa tuje kwenye kazi. Mi ni fundi baiskeli hapa mjini, vijana wa kuruka nawatengenezea kila wiki, wanaleta rimu zimepinda kama chapati. Dada nikwambie kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: hizo baiskeli za Japani breki ya mbele inakaa mkono wa KULIA. Nyingine zinazokuja kutoka kwingine ya mbele iko kushoto, na mafundi wengine wakibadilisha waya wanazigeuza wanavyojua wao. Mtoto aliyezoea baiskeli yake akiazima ya mwenzake anashika breki anayodhani ni ya nyuma kumbe ya mbele, kwenye mteremko, tairi la mbele linaganda yeye anaendelea na safari kwa kichwa. Na hiyo ya mwenzake ndo haina ya nyuma kabisa, maana yake breki pekee aliyonayo ni ile ya kumpindua. Kwa hiyo umesema mwenyewe, ulimpeleka kwenye mbovu.

Ukimrudishia baiskeli yake usimrudishie hivihivi. Ilete au mpelekee fundi yeyote unayemwamini. Raba za breki zikishaisha chuma kinakula rimu, utasikia inakwaruza. Nati za tairi la mbele zikazwe. Uma wa mbele uangaliwe kama una ufa pale juu unapoingia kwenye fremu, hizi baiskeli za kwendea shule hazikutengenezwa kuruka, siku uma ukikatika yuko hewani hakuna ushujaa hapo. Na zile raba za mwisho wa usukani za kushikia, zikitoka usiache bomba wazi. Hapo wenye kazi ya udaktari watakueleza vizuri.

Na mbigili za huku mnazijua, akipata pancha nusu njia tairi linakosa upepo anaruka nalo hivyohivyo. Mfundishe abonyeze tairi kwa kidole kabla.

NesiWaZamu

Nimeitwa? Nipo.

Fundi kasema kweli kuhusu bomba wazi. Mtoto akianguka usukani unageuka, ncha inamwingia tumboni. Nje unaweza kuona alama ndogo tu ya duara au usione kitu, ndani wengu au ini limepasuka. Mama akiona mtoto kajigonga tumbo na usukani halafu analalamika tumbo, anatapika, amepauka, asimpe panadol alale. Hospitali. Hiyo sio ya kusubiri asubuhi.

Kichwa ni hivyohivyo. Akizimia hata kidogo, akitapika tapika, akiuliza swali lilelile mara tatu, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, usingizi wa ajabu ajabu, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine, degedege, maji au damu puani masikioni, usijadili na mtu. Na hata akionekana mzima baada ya kugonga kichwa asirudi kuruka siku hiyo, ubongo ukipigwa mara ya pili kabla haujapona ndo balaa lenyewe.

Na shangazi nakuunga mkono kwenye la kukanda. Mifupa ya watoto ina sehemu laini karibu na maungio, pale ndo mfupa unakua, ukivurugwa pale mkono unaweza kukua umepinda. Ekisirei kwanza, hogo (plasta ngumu) baadae.

Helmeti: ikae chini kidogo usoni, vidole viwili tu juu ya nyusi, mkanda chini ya kidevu uingie kidole kimoja. Sio imekaa kisogoni kama kofia ya baraghashia. Ikishapokea pigo kubwa mara moja kazi yake imeisha hata kama haina ufa. Na kofia ya ujenzi sio helmeti, naona wengine wanataka kuniuliza.

Kiberiti77

Nilikuwa nataka kuuliza kweli, baba mdogo ana mbili za njano pale ndani

TairiMbili_Dom

Wanajamvi tusiliue hili jambo kwa hofu. Huu ni mchezo kamili jamani. BMX, yaani hizi baiskeli ndogo za mbio za vumbi na kuruka, ilianza na watoto wa California miaka ya 70 mwanzoni, walikuwa wanaiga mashindano ya pikipiki kwenye vumbi, hawakuwa na uwanja wala kocha, vumbi kama hili letu. Leo ni mchezo wa Olimpiki tangu Beijing 2008 kwa mbio, na ile ya michezo ya hewani imeingia Tokyo. Yule dada wa Uingereza Charlotte Worthington alianguka raundi ya kwanza palepale Tokyo, akarudi raundi ya pili akajipindua kinyumenyume na kuzunguka kwa wakati mmoja, akachukua dhahabu. Na mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yamefanyika Kigali 2025, hapo jirani, mara ya kwanza Afrika. Tunakwama wapi?

ShangaziMkali

@TairiMbili_Dom na yule Mmarekani Connor Fields mbona humtaji? Bingwa wa Rio 2016, Tokyo hiyohiyo alianguka kwenye mbio za BMX akavuja damu kwenye ubongo na pafu likaumia. Nasomaga na mimi. Na huyo alikuwa na helmeti ya uso mzima na madaktari wamesimama pembeni wanamsubiri. Mtoto wa Ipagala anasubiriwa na nani pale korongoni? Na mbuzi?

TairiMbili_Dom

Shangazi hapo umenishika. Lakini si unaona hoja basi ni kupata sehemu yenye usimamizi, sio kuuza baiskeli

ShangaziMkali

Ipo wapi hiyo sehemu hapa Dodoma, nitajie nikae kimya.

TairiMbili_Dom

...

dogo_wa_Chimwaga

Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika ila ngoja.

Mi niko chuo sa hivi, nimekulia Kondoa. Nikiwa na miaka 13 tulikuwa tunashuka na baiskeli mlimani, njia ya mbuzi, mawe, bila kushika breki, anayeshika breki anachekwa wiki nzima. Mama alishasema akisikia tena nimepanda kule atanivunja miguu mwenyewe. Yani aliisema hivyo hivyo, na mama yangu sio mtu wa utani. Siku moja nikaruka jiwe nikatua na kichwa. Sikumbuki nilivyofika chini, wenzangu ndo walinishikilia mpaka mtoni wakaniosha damu. Nikarudi nyumbani nikasema nalala mapema sina njaa. Usiku nikatapika dirishani ili mama asisikie. Nikatapika tena. Asubuhi nikaenda shule nasikia kengele masikioni, siku kama nne hivi. Leo nasoma hapa nesi ameandika ndo najua nilikuwa nacheza na nini.

Mama yangu mpaka leo hajui. Nimemkumbuka sana hapa, siku zote alijua katisha vya kutosha na nimeacha. Sikuwa nimeacha, nilikuwa nimejifunza kuficha.

Mama Wawili sikwambii umruhusu, mi sina mtoto. Ila huyo wa kwako kachubuka mkono akasema mpira. Siku akigonga kichwa atasema nini

NesiWaZamu

@dogo_wa_Chimwaga daah. Mwambie mama yako bwana, hata leo kwa simu. Atakutukana kidogo halafu atakupikia kuku.

MamaWawili_Ipagala

Jamani nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili. Dogo wa Chimwaga umeniliza, mwenzio nimeinuka usiku nimeenda kumchungulia wangu amelala nikamshika paji la uso kama mgonjwa.

Fundi nakuja J'mosi. Shangazi usinikasirikie, bado nakusikia na ndo maana sijatoa ufunguo kwenye pochi.

Kiberiti77

Tunasubiri mrejesho mama usitukimbie

MamaWawili_Ipagala

Mrejesho.

Ijumaa usiku baba yake amekuja, tukamkalisha mtoto, nikamwambia sitakupiga ila unioneshe ulikoanguka mara zote. Akavua shati. Jamani. Kulikuwa na kovu la mgongoni la tangu mwezi wa tano sikuwahi kuliona na mimi ndo namfulia. Baba yake akanyamaza kabisa, ile lazima aanguke yake sikuisikia tena, akasema kesho tunaenda wote kwa fundi. Fundi kabadilisha raba za breki zote, kaweka za kushikia mpya, na helmeti ya mtumba ambayo haijagongwa imepatikana, tumelipa hela ambayo ilikuwa ya gunia la vitunguu lakini sawa. Masharti: viatu, helmeti, hakuna kuazima, na asiruke kama hakuna mtu mzima. Mtu mzima mwenyewe sijui ni nani, genge haliwezi kufungwa kila siku, tumekubaliana J'mosi na J'pili jioni tu.

Basi jana jioni nikaenda korongoni mwenyewe kwa mara ya kwanza. Upepo, vumbi, watoto kama kumi na tano hivi, baiskeli nne tu wanapokezana. Nilidhani nitaona fujo kumbe wana foleni, wana mtu wa kupiga mluzi ng'ambo akikuta njia iko wazi, kuna kamtoto kazi yake ni kuondoa mawe tu. Wangu akaruka. Nilifumba macho, sikuona kitu, nikasikia tu tairi linagonga chini na watoto wanapiga kelele, nikafumbua anageuka ananitafuta mimi.

Halafu nikaangalia ile foleni vizuri. Wa tatu kutoka mbele, kanga yangu ya zamani kajifunga kichwani kama kilemba eti ndo helmeti, ni mdogo wake. Wa kike, miaka 9, yuko la tatu. Kaniona akajificha nyuma ya mwenzake.

Nimemuuliza kaanza lini, anasema tangu uliponionesha wewe mama video ya kaka.

Sijamwambia baba yake, karudi Manyoni asubuhi. Fundi, helmeti za kichwa kidogo zaidi ya ile zinapatikana?

fundi_spoku

Kuna moja ya pinki imebaki. Nakuwekea pembeni

ShangaziMkali

Mimi naandaa soda za wagonjwa.