Datsun 1600 ya marehemu baba: nifunge kamshafti ipi kwa barabara za Dodoma?

Kijana wa Kongwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, hasa mliowahi kufungua injini za Datsun za zamani.

Nina Datsun 1600 aliyoniachia marehemu baba. Injini ni ileile iliyokuja nayo, L16 ya cc 1,595, kabureta moja, gia nne. Mwezi uliopita ilianza kugonga juu kama cherehani. Tulipofungua kava la tapeti tukakuta vinundu viwili vya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) vimelika vibaya, na roka zake (mikono inayosukuma valvu) zimechimbika. Kubadilisha ni lazima. Nimekwama kwenye kuchagua.

Nimepata mbili za kuagiza. Ya kwanza ni ya digrii 264 (yaani kipimo cha muda ambao valvu inakaa wazi), muuzaji anasema ni ya barabarani. Ya pili ni ya digrii 300, ya mashindano, na bei zake hazipishani sana. Moyo unaenda kwenye ya 300. Baba alikuwa akitusimulia jinsi Datsun 1600 ilivyochukua Safari Rally mwaka 1970, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na nilikua nikiamini gari letu ni ndugu wa lile.

Matumizi yangu: kila siku Nkuhungu hadi Mtumba kazini, Jumapili nampeleka mama kanisani, na karibu kila mwezi nashuka Morogoro. Nataka ipande vilima vya Gairo bila kunyong'onyea. Sitaki kabisa kuharibu gari la mzee.

Mbio za Vumbi

Mkuu, chukua ya 300. Mimi niliwahi kuifunga kwenye injini kama yako nikiwa Iringa. Ikivuka mizunguko 4,500 gari linabadilika, linavuta mpaka unasahau kwamba ni cc 1,600. Ule mlio wake sijausikia kwenye gari jingine lolote.

Fundi wa Kizota

Kaka Kongwa, pole kwa mzee. Kabla hujalipa hela ya mtu, tufanye hesabu kidogo.

Gia ya nne ya gari lako ni moja kwa moja. Tuseme uwiano wa difu ni 3.9 na tairi ni 165/80 za inchi 13. Ukienda kilomita 100 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,500 kwa dakika. Ukiingia Kibaigwa kwenye kibao cha 50, bado uko gia ya nne, ni kama 1,750. Sasa kamshafti ya 300 inaanza kuamka 4,000 na kuendelea. Kwa safari zako zote, kuanzia foleni ya asubuhi kwenda Mtumba hadi Morogoro na kurudi, utakuwa unaendesha injini iliyolala.

Sababu ni hii. Digrii zikiwa nyingi, valvu ya kuingiza inachelewa kufunga. Pistoni imeshaanza kupanda na valvu bado iko wazi, kwa hiyo sehemu ya hewa na petroli inarudishwa ilikotoka. Kwenye mizunguko mikubwa haina shida, mchanganyiko unaingia kwa kasi na hauwahi kurudi. Kwenye mizunguko midogo unapoteza mgandamizo, na nguvu ya kuondokea inakwenda nayo. Watu wa mashindano wanafidia kwa kupandisha mgandamizo, kuweka kabureta mbili, kubadilisha eksozi na kufunga difu fupi. Wewe una kabureta moja na injini ya kiwandani.

Ongeza na mahali tulipo. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake huku ukilinganisha na Dar. Unyonge unaousikia pale Gairo, nusu yake huenda ni hewa na jeti za kabureta (vitundu vya kupitishia petroli) zilizopangwa kwa ajili ya pwani, zinamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Hilo halitibiwi na kamshafti.

Jambo jingine: 264 ya mtengenezaji huyu si lazima iwe sawa na 264 ya yule, kila mmoja anaanza kuhesabu anapotaka. Muulize muuzaji ni digrii ngapi kinundu kikiwa kimenyanyuka inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Akishindwa kujibu, achana naye.

Na pima mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya yote. Rudi na namba.

Mbio za Vumbi

Fundi, nakubali. Yangu ilikuwa na kabureta mbili za Weber, hedi (kichwa cha injini) imesagwa na difu fupi, nilipaswa kusema hivyo toka mwanzo. Na mjini ilikuwa inazima kila taa nyekundu nisipoishikilia kwa mguu.

Dada wa Pandambili

Mimi nataka kuuliza kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Kaka, breki zako zina busta, kile kifaa cha kuusaidia mguu kubana breki?

Kama zina busta, inavuta pumzi kutoka kwenye manifodi ya kuingiza hewa. Kamshafti kubwa inaacha valvu zote mbili wazi kwa pamoja muda mrefu, na injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inazunguka bila kukanyaga mafuta, ule mvuto unashuka sana. Nimeendesha gari la namna hiyo. Unateremka, unaachia mafuta, unakanyaga breki mara mbili tatu kwa kufuatana, na pedali inakuwa ngumu kama umekanyaga tofali. Nilikuwa na watoto nyuma. Sijasahau hadi leo, na kwa gari linalombeba mama kila Jumapili nisingekuwa na mjadala.

Mzee wa Reli

Vijana, hamjambo.

Nimezifungua hizi injini tangu zilipokuwa mpya mjini. Nina mambo machache, mjukuu wangu Kongwa ayashike.

Ukifungua sproketi ya juu, kwanza tengeneza kabari ya mbao, ishushe katikati ya cheni ibane tensheni (kikaza cheni) isitoke. Ikitoka, utafungua kava la mbele lote, na kazi ya saa mbili itakuwa ya siku mbili. Sproketi hiyo ina matundu matatu ya kurekebisha taimingi cheni ikilegea. Angalia lako liko tundu la ngapi kabla hujaligusa.

Kamshafti mpya iende na roka mpya au zilizosagwa upya. Roka za zamani juu ya kamshafti mpya zitaila kabla hujafika Chalinze. Halafu kile kisahani kinachokaa juu ya valvu, roka inapogusa, unene wake lazima upimwe upya. Paka wino kwenye roka, zungusha injini kwa mkono, uone alama ya msuguano inakaa katikati. Ikifika ukingoni, badilisha kisahani. Kazi hii haitaki haraka.

Uliza pia kama kamshafti unayonunua imetobolewa ndani kwa ajili ya oili, au inategemea bomba la kunyunyizia kutoka juu. Zipo za aina zote mbili. Ukichanganya, utaikausha ndani ya nusu saa.

Kijana wa Kongwa

Shikamoo mzee. Asanteni sana wote. Dada, busta ipo, na sikuwa nimewaza kabisa habari ya breki.

Nimepima leo injini ikiwa ya moto, kabureta imefunguliwa wazi. Silinda ya kwanza pauni 141 kwa inchi ya mraba, ya pili 138, ya tatu 140, ya nne 104. Vinundu vilivyolika ni vya eksozi, ya pili na ya tatu.

Fundi wa Kizota

Kwa hiyo ya nne haihusiani na kamshafti. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya nne, pima tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni valvu.

Kijana wa Kongwa

Imepanda hadi 107 tu.

Fundi wa Kizota

Valvu. Hedi itashuka, hakuna njia.

Mzee wa Reli

Marahaba mjukuu. Hedi za mwanzo za Datsun hizi zilikuja na siti (vikalio vya valvu) za shaba nyeusi, zilizoea petroli yenye risasi. Ya leo haina. Mwambie mtu wa mashine aweke siti ngumu za chuma kwenye valvu zote nane, siyo ya nne peke yake.

Kijana wa Kongwa

Nimeamua. Naagiza ya 264 na roka zake na springi zake, na muuzaji amenitumia vipimo vya inchi 0.050 bila kusitasita. Pesa niliyokuwa nimeitenga kwa eksozi inakwenda kwenye siti za hedi. Mama nilipomwambia gari litakaa bila hedi wiki mbili, aliuliza tu kama Jumapili ya tatu litakuwa tayari.

Fundi, siku ya kuwasha nifanyeje?

Fundi wa Kizota

Paka vinundu vyote ile grisi maalumu inayokuja na kamshafti. Oili iwe ya injini za zamani, yenye zinki ya kutosha. Jaza kabureta petroli kwanza ili iwake mara moja, usipige stata muda mrefu. Ikiwaka tu, ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20, usiiache irudi kwenye sailensi hata kidogo. Ukiona joto linapanda, zima, iache ipoe, uendelee ulipoishia. Halafu mwaga oili hiyo na filta.

Nipigie asubuhi hiyo kabla hujawasha. Nitakuja na taa ya taimingi.