Mgodi wa Kwale umefungwa: ardhi ipandwe msitu au wenyewe warudishiwe mashamba?

Mleta mada (Msambweni)

Wandugu, hamjambo. Mgodi wa titani wa Kwale ulifunga kazi Desemba 2024. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni mapema 2014, na sasa Base Titanium wamemaliza mchanga waliokuja kuchimba. Ardhi imebaki na kila mtu ana jibu lake. Kuna wanaotaka viwanda, kuna wanaotaka miwa, kuna wanaotaka igawanywe viwanja. Mimi nasema sehemu kubwa iwe msitu wa asili, maji na nyuki, na serikali iweke pesa humo kama inavyoweka kwenye barabara.

Tuanze na udongo, maana wengi wanaoahidi mashamba pale hawajaushika. Mchanga ukishatolewa madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni hurudishwa shimoni ukiwa mwepesi na mweupe. Mwaga kikombe cha maji juu yake, yanazama papo hapo. Lile tope laini lililokuwa likishika maji na rutuba limeshatenganishwa nao. Wakichanganya tena na tope, wakafunika kwa udongo wa juu waliouweka akiba, nyasi na kunde zinashika. Lakini kumwambia mtu avune mahindi pale msimu wa kwanza ni kumdanganya.

Na hapa Pwani hatuhitaji kubahatisha. Machimbo ya saruji ya Bamburi yalikuwa jangwa la matumbawe hadi 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, alipoanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikasalimika tatu tu: mvinje, mnazi na mkonokapasi. Mvinje ulishika kwa sababu vijidudu kwenye mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Ila majani yake kama sindano yalijaa chini bila kuoza, hata bakteria hawakuyaweza. Dawa ikawa majongoo! Waliletwa wale wakubwa wenye miguu myekundu, wakayatafuna majani, na kinyesi chao kikawa udongo ambao miti mingine imeota juu yake. Leo pale, panaitwa Haller Park, pana viboko, twiga na kivuli.

Sharti langu ni moja: msitu wa Kwale usiwe wa kampuni. Bamburi ni mali ya kampuni, na kampuni hubadilisha wenyewe. Desemba hiyohiyo ya 2024 Amsons Group ya Tanzania ilinunua Bamburi Cement. Mwenye mali akibadilika, mipango nayo hubadilika. Karibuni tujadili.

Mkulima (Maumba)

Salaam, mleta mada. Nimekusoma hadi mwisho na majongoo yako nimeyakubali. Lakini huko Haller Park unakokusifia, mtoto wa Bamburi analipa kiingilio getini ili akaone mti. Ndicho unachotuletea?

Sisi tulikuwa na minazi na mikorosho. Mnazi unauangua kila miezi mitatu hivi, unauza, unalipa karo, unabakisha za kupikia. Ukifa unamwachia mwanao. Watu walihama Nguluku na Maumba, wengine wakaenda Bwiti, kupisha mgodi. Mgodi umeisha. Sasa tuhame mara ya pili kupisha ndege na nyuki? Kila mara mtu wa Kwale anaambiwa ardhi ina kazi muhimu kuliko yeye. Nirudishiwe shamba langu, nitapanda miti mwenyewe bila kuhimizwa na mtu.

Mwalimu (Ukunda)

Mzee wangu wa Maumba, shikamoo. Uchungu wako ni wa haki na sitaki kuupunguza. Naomba tu tuutazame mto. Mkurumudzi unapita pale mgodini na kumwaga kwenye ghuba ya Gazi. Gazi na Makongeni wana Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wenyewe wa kuuza kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa hewa chafu ya ukaa inayofyonzwa na mikoko wanayoilinda, tangu 2013. Ni hekta 117 tu, na pesa zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Si utajiri, ni kweli, lakini ni pesa zinazoamuliwa matumizi kwenye baraza la kijiji.

Basi kingo za mto huko juu zikibaki wazi, au kila mtu akilima hadi majini, mvua za masika zitateremsha mchanga ule hadi kwenye mikoko na kuifukia mizizi yake. Atakayeumia ni jirani yako wa Gazi. Tena Kinondo hapo karibu, kaya, yaani msitu mtakatifu, imelindwa na wazee wa Kidigo karne kwa karne, leo wageni wanalipa kuingia na malipo yanabaki kwa wenyeji. Kuishi na msitu hatukufundishwa na mzungu, ni letu tangu zamani.

Mkulima (Maumba)

Marahaba, mwalimu. La mto nimelikubali. Lakini Kaya Kinondo ina wenyewe na wanajulikana, Mikoko Pamoja nayo ina wenyewe. Huu msitu mnaoutaka mgodini, mwenyewe ni nani? Mkinijibu hilo nitakaa niwasikilize.

Mleta mada (Msambweni)

Baba, hapo ndipo penyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu ardhi ya umma igeuzwe ya jamii kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi. Tudai hatimiliki kwa jina la jamii kabla mche hata mmoja haujapandwa, na waliohamishwa pamoja na watoto wao wawe wa kwanza kwenye daftari. Kingo za mto na miteremko iwe msitu. Sehemu tambarare, udongo ukishatengemaa, irudi kwa minazi na mikorosho ya watu kama wewe. Vijana waliofanya kazi kwenye vitalu vya mgodi wanaijua miti ya asili ya hapa kwa majina, waajiriwe hao kwanza.

Pesa za kuanzia? Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye mgodi aweke dhamana ya mazingira, yaani pesa za kurekebisha ardhi, na inagawa mrabaha, malipo ya mgodi kwa madini, asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Hiyo 10 ndiyo mishahara ya miaka ya mwanzo, kabla asali na korosho hazijaanza kulipa.

Mwalimu, wewe uko karibu na ofisi za kaunti. Unaweza kutupatia nakala ya mpango wa kufunga mgodi? Tukiwa nayo tutaisomea baraza la Maumba kwa Kidigo, ukurasa kwa ukurasa, na mzee wetu aulize maswali yake yote pale mbele ya watu.