Tupeane uzoefu: ni lini miguu yako ilianza kuendesha yenyewe?

Wakuu, habari za jioni. Niko wiki ya tatu najifunza gari, ya klachi. Mwalimu akiniuliza tu "umekula?" nimeshaizima. Nikiangalia kioo nasahau gia, nikikumbuka gia bodaboda ameshanipita kushoto. Jioni narudi kichwa kinauma kama nimetoka kwenye mtihani. Nyie mlizoea baada ya muda gani?

Mama Pili Kimara: Pole mdogo wangu. Mie nilikuwa nazima redio na kunyamazisha gari zima, hata mtoto akililia maji. Aliyeniponya ni mwalimu mmoja mzee. Alinipeleka uwanja wa mpira, akanikataza kugusa mafuta kabisa. Achia klachi polepole, usikilize. Gari ikianza kutetemeka na pua kuinuka kidogo, hapo ndipo inaposhika. Kanyaga klachi tena, rudia. Siku mbili hilo tu, nikaona huyu ananilia hela bure. Wiki iliyofuata nikakwama mlimani, lori liko nyuma yangu linapiga honi. Hendibreki juu, mguu ukautafuta ule mtetemo wenyewe. Nakuja kushtuka, nimeshaondoka.

Kijana wa Shamba: Mie sijui hata ilikuwa lini. Nilianzia kwenye trekta la baba.

Dereva Mstaafu: Kuzoea nako kuna kasheshe yake. Baada ya miaka 11 ya klachi nikaazimwa auto, gari isiyo na klachi. Nafika kwenye tuta, mguu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi, ukakutana na breki. Nikaikita kama klachi, mpaka chini. Shemeji nusura abusu kioo, kuku wa sikukuu wakahamia mbele. Siku hizi nikipewa auto mguu huo naukunja nyuma kabisa.

Msafiri Maskati: Huku Oman tunapita kulia, usukani uko kushoto. Ajabu, upande wa barabara haukunisumbua, maana huo unauwaza kila saa. Kilichonitesa ni indiketa. Kwenye Toyota zetu za nyumbani iko mkono wa kulia, huku iko kushoto. Mwezi mzima kila nikikata kona nawasha waipa, jua linawaka, tone la mvua hakuna. Hata leo nikiwa naongea na mtu inanitokea.

Mwenye uzi: Hahaha, kuku wamenimaliza! Mama Pili, kesho namwomba mwalimu twende uwanjani. Ila kioo je? Kuna aliyewahi kukizoea hicho bila kupaka gari ukutani kwanza?