Fomu ya oda za dagaa inajituma mara mbili, naombeni ushauri

Koda_wa_Kibirizi:
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, natengeneza ukurasa wa oda kwa mama mmoja anayesafirisha dagaa na mawese kwenda Dar. Mtandao ukiwa mzito mteja anabofya "Tuma oda", anaona kimya, anabofya tena. Mama anapokea oda pacha na anafungasha zote! Halafu mtu akiandika jina tu akagonga Enter, fomu inaondoka hata kilo hajajaza. Kitufe cha "Ongeza bidhaa" nacho kinatuma fomu nzima. Nimeandika JavaScript ya kuzima kitufe kikibofywa, sasa kuna simu ambazo oda haiendi kabisa. Nifanyeje?

MlaMigebuka:
"Ongeza bidhaa" ni jambo dogo. Kitufe kilichomo ndani ya fomu usipokitajia aina, brauza inakihesabu ni cha kutuma. Kiandikie type="button", yaishe.

Binti Ujiji:
Usikizime kwenye click (tukio la kubofya kitufe), maana brauza nyingine zikikuta kitufe kimeshazimwa hazitumi kitu. Kizime kwenye submit ya fomu yenyewe (tukio la fomu kutumwa). Hapo hata aliyegonga Enter unamdaka. Maandishi yabadilike yawe "Inatumwa, subiri". Watu wanarudia kubofya kwa sababu hawaoni jibu, si kwa ubishi. Enter yenyewe iache, wenye kompyuta wameizoea. Weka required (lazima kujazwa) kwenye kilo na namba ya simu, brauza itagoma kutuma fomu yenye mapengo.

Mzee wa Seva:
Sawa, ila hayo yote yanafanyika kwenye brauza ya mteja, si kwenye seva. JavaScript isipopakia, umerudi kulekule. Kila fomu inapofunguliwa, seva iipe tokeni yake, yaani namba ya kipekee isiyojirudia, ifichwe humo ndani, na kwenye databesi safu ya tokeni iwe UNIQUE, isikubali tokeni ileile mara mbili. Tokeni ikija mara ya pili usimtupie mteja kosa, mwoneshe risiti ileile ya kwanza. Ukishahifadhi oda, jibu kwa 303 (msimbo unaoiambia brauza ihamie ukurasa mwingine) umpeleke kwenye ukurasa wa risiti. Hata aki-refresh haitumi tena.

Koda_wa_Kibirizi:
Asante mkuu. Mimi nilifikiria kulinganisha jina, simu na kilo, zikifanana naitupa ya pili.

Mzee wa Seva:
Usithubutu. Kuna mteja atakayetaka kilo kumi leo na kumi tena kesho, utamnyima mama biashara. Akifungua fomu upya anapata tokeni mpya, oda inapita.

MlaMigebuka:
Nje ya mada, mama anatuma hadi Tabora?

Koda_wa_Kibirizi:
Anatuma, njoo PM. Wakuu, mteja akibonyeza kurudi nyuma anakikuta kitufe bado kimezimwa, kimeandikwa "Inatumwa".

Binti Ujiji:
Brauza imemrudishia ukurasa kama alivyouacha, haijaupakia upya. Kwenye JavaScript sikiliza tukio la pageshow, linalotokea ukurasa unapooneshwa. Ukiona persisted ni true, yaani ukurasa umetoka kwenye kumbukumbu ya brauza, usiishie kukiwasha kitufe, pakia ukurasa upya apate na tokeni mpya, la sivyo oda yake ya pili itaishia kwenye risiti ya kwanza.