Akitokea "Milei" wa Kenya 2027, vijana watampa kura au makofi tu?

Fundi wa Kongowea

Salaam aleikum, hamjambo nyote.

Mimi ni fundi simu hapa Kongowea, karibu na soko. Nina kijana ninayemfundisha kazi, mzaliwa wa 2003. Mchana kutwa anafungua simu za watu huku masikioni amejaza hotuba za Javier Milei, yule rais wa Argentina aliyekuwa akifanya kampeni na msumeno wa mashine mkononi. Juzi walipita watu wa leseni, kijana akawaambia usoni, "Nyinyi ndio lile tabaka la wanasiasa na maofisa analolitukana Milei." Nikaitafuta risiti mbio mbio yasije yakawa mengine.

Sasa swali. Hawa Gen Z waliojaa barabarani Juni 2024 kuukataa Mswada wa Fedha, wengine hata nyumbani hawakurudi, je, ni walibertari, yaani watu wanaotaka serikali ndogo, ushuru mdogo na kila mtu aachiwe maisha yake, bila kujijua? Maana ukikataa ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, ukakataa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ukakataa ushuru wa kutuma pesa kwa simu kupandishwa kutoka 15 hadi 20, na makato ya nyumba ya mwaka uliotangulia bado yanakuuma, basi kilichobaki ni kusema serikali ipungue ituachie maisha yetu. Na Julai 5 Ruto mwenyewe akatangaza kuvunja mashirika 47 ya serikali na kuondoa bajeti ya ofisi ya mke wa rais. Mimi rais wa Kenya nimezoea kumuona akizidisha ofisi, kupunguza sikuwahi.

Argentina vijana walimbeba Milei Novemba 2023 akapata karibu asilimia 56, na kule hata wa miaka 16 anaruhusiwa kupiga kura. Kwetu, kati ya waliojiandikisha 2022, kama asilimia 40 walikuwa vijana wasiofika miaka 35. Akija mtu 2027 aseme wazi kwamba anafuta ushuru, anafunga nusu ya wizara, anayevuta bangi ni shauri yake na kila mtu ajitegemee, atazipata kura hizo?

Mimi nasema atazipata. Kijana wangu hajapewa kitu na serikali ila kitambulisho, nacho alikisubiri hadi akasahau. Nipingeni.

Mpiga Kura wa Mzizi

Bangi umeitaja wewe, si mimi. 2022 tulikuwa na mgombea urais Wajackoyah. Vijana walimfuata kila mahali: bangi halali, ufugaji wa nyoka, wiki ya kazi ya siku nne. Kura zilipohesabiwa alikuwa na 61,969, hata nusu ya asilimia hakufika. Mimi nimo ndani ya hizo na sijutii. Ila mlibertari hakuwa, maana aliahidi pia kuwanyonga mafisadi, na serikali yenye kitanzi si serikali ndogo hiyo.

Mkenya Iowa

Niko Iowa, Marekani, tangu chuoni, haya mambo niliyaona kwa macho. Januari 2012 wagombea urais wa chama cha Republican walijaa hapa kwa ajili ya mchujo. Aliyejaza vijana ukumbini alikuwa mzee kuliko wote, Ron Paul, mbunge wa Texas, miaka 76. Rudisheni wanajeshi nyumbani, vunjeni benki kuu, serikali isimuulize mtu anavuta nini. Wapigakura wasiofika miaka 30 walipohojiwa siku ile, asilimia 48 walisema ni yeye. Kwa jumla akatoka wa tatu.

Mimi sikuwa raia, kazi yangu ilikuwa kupanga viti. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikuwa na fulana ya Ron Paul, na haikufuliwa kampeni nzima. Miaka minne baadaye jamaa yuleyule, sasa ana deni la chuo, namkuta anampigia debe Bernie Sanders, anayetaka vyuo vya umma viwe bure! Nikamuuliza umegeukaje hivyo? Akasema hakugeuka, wote wawili hawanunuliki.

Jibu hilo limenikaa. Kijana anamchagua mtu anayeonekana hana bei, halafu sera anazibeba kama zilivyo. Chama chenyewe cha Libertarian kipo tangu 1971. Mwaka wake wa neema ulikuwa 2016, Gary Johnson akapata kama asilimia 3, wakati watu wengi walikuwa wamechoshwa na Trump na Clinton kwa pamoja. 2024 kikashuka chini ya nusu ya asilimia, yaani kiko benchi moja na Wajackoyah wenu.

Binti Mwalimu, Nairobi

Fundi, kijana wako ni wa 2003? Mwaka huohuo Kibaki alifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Kwa hiyo usiniambie hajapewa kitu, labda kama alisomea kwako dukani.

Serikali ya kujitoa tumeshaiishi, miaka ya 90, wafadhili walipoamuru kila mtu achangie gharama zake. Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la nne na kila mwanzo wa muhula alipewa orodha ya watoto wa kurudishwa nyumbani. Alikuwa akiwasomea majina yao akitazama dirishani. Hakuna mzazi wa umri wangu utakayemuuzia sera hiyo, na mtoto wake naye umuuzie kwa miaka michache tu, hadi atakapozaa.

Tena tazameni vizuri 2024 yenyewe. Kabla ya Juni, Gen Z walikuwa tayari wamegoma mara mbili, ila hao mnawasahau kwa sababu hawakuwa na TikTok nzuri. Madaktari waligoma kuanzia Machi, na kiini cha mgogoro kilikuwa madaktari wanagenzi kupangiwa vituo na kulipwa kama walivyoahidiwa. Kisha walimu wanagenzi wa sekondari msingi, zaidi ya 46,000, wakadai ajira ya kudumu. Kudumu! Yenye pensheni! Mlibertari gani anaandamana ili aajiriwe na serikali? Mimi ni mhasibu, kila mwezi natoa makato ya nyumba na ya afya kwenye mishahara ya watu, najua wanavyotukana. Hawaniulizi kwa nini kuna ushuru. Wananiuliza hiyo hospitali iko wapi.

Mdau wa Dar

Wakuu wa Kenya, huku kwetu Julai 2021 zilikuja tozo za miamala ya simu. Kuandamana hatukuandamana. Mwanangu aliyekuwa chuo Dodoma nikaanza kumtumia hela kwa bahasha kupitia kondakta. Septemba tozo zikashushwa asilimia 30. Mnasubiri mgombea wa nini, kama mtu anaweza kujitoa mwenyewe kimyakimya?

Fundi wa Kongowea

Mdau wa Dar, bahasha ya kondakta ina tozo yake pia, usitufiche.

Binti Mwalimu, la karo umenikamata. Lakini na Argentina chuo kikuu cha umma ni bure, hospitali ya umma ni bure, na bado walimchagua wa msumeno. Kule zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watatu hayumo kwenye ajira rasmi. Mleta chakula wa pikipiki anasikia pensheni, likizo, chama cha wafanyakazi, vyote vya watu wengine, na bei zimepanda asilimia 211 mwaka ule mmoja. Kwetu walio nje ya ajira rasmi wanapita asilimia 80. Hao walimu na madaktari wako ni wachache walioona mlango. Kijana wangu hana mlango wa kugongea, atagoma kwa nani?

Nakubali kitu kimoja. Milei alikata wizara kutoka 18 hadi 9, sawa, lakini Aprili 2024 aligusa pesa za vyuo na Buenos Aires ikajaa wanafunzi. Huko ndiko atakakoangukia wa kwetu akianza na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Aanze na wabunge. Nyongeza yao ya mshahara ya Julai 2024 ilisimamishwa kwa kelele za wiki chache tu. Milei alipokuwa mbunge, mshahara wake aliuchezesha bahati nasibu kila mwezi, mwananchi yeyote akajiandikisha. Mgombea wa Mombasa afanye hivyo miezi mitatu, nami na mvi zangu nitaweka jina.

Wa Iowa, huyo jamaa wa fulana 2024 alimpigia nani?

Mkenya Iowa

Hakupiga. Alikuwa amehamia jimbo jingine, na fomu ya kujiandikisha anasema ilibaki kwenye gari.