Niko Dodoma, nataka kujifunza kuwinda swala kwa miguu, naanzia wapi?

Wa_Nkuhungu
Wakuu habari za wikendi. Mi niko Dodoma mjini, mtu wa ofisi, nimehamia huku na makao makuu kama wengine. Sasa miezi kadhaa nimekuwa naangalia video za Wamarekani wanawinda wale swala wao wenye pembe za matawi kwenye mapori ya umma, mtu anaingia peke yake hana gari hana jukwaa la juu ya mti, anakaa chini tu kaegemea gogo mpaka mnyama anafika mita thelathini. Aisee nimeipenda kinoma.

Huku kwetu inawezekana? Maana nikienda Kondoa au nikipita Manyoni naona mapori matupu kilomita na kilomita, yale ni ya nani? Mjomba ana rifle yake ya halali kabisa ameniambia naweza kuichukua Jumamosi moja nikajaribu. Na nguo za mabaka nimeshaziona mtandaoni bei siyo mbaya. Nipeni mwongozo wakuu, hapa nyumbani wife ananicheka tu anasema nitaliwa na fisi.

Kiberiti_Ngoma
Fisi hali mtu wa ofisi mkuu, hamna nyama pale

MzeeWaNyayo
Kijana, kabla hujaigusa hiyo rifle ya mjomba soma hapa mara mbili. Mi nimefuata nyayo na wageni wawindaji huko mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo miaka mingi, kwahiyo siongei ya kusikia.

Hilo pori unaloliona tupu siyo tupu na siyo la kila mtu. Kuna ardhi ya kijiji, kuna msitu wa hifadhi, kuna pori tengefu, kuna pori la akiba kama Swagaswaga na Mkungunero huko upande wa Kondoa na Chemba. Ukiwa barabarani yote yanafanana, migunga na vumbi. Na mnyama popote alipo, hata akiwa anakula mahindi yako, ni mali ya umma, sheria ya wanyamapori ya 2009 imemkabidhi Rais amshike kwa niaba yetu. Ukimuua bila kibali hujaiba swala, umekutwa na nyara za serikali, na hiyo kesi inakwenda kwenye uhujumu uchumi, miaka 20 mpaka 30. Watu wamefungwa kwa vipande vya digidigi kwenye sufuria. Digidigi, mnyama hamzidi paka shume kwa mbali!

Njia ya halali ipo, inaitwa uwindaji wa wenyeji. Unakwenda TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori, wanakwambia maeneo gani yametengwa, mnyama gani anaruhusiwa, msimu, na unalipia kila mnyama kwa aina yake. Kibali kinaandikwa mnyama fulani idadi fulani, ukiandikiwa swala pala ukapiga tandala umeshakuwa jangili papo hapo, kibali chako hakikusaidii. Na unakwenda na askari wao, siyo wewe na mshikaji wako na kreti ya bia.

Silaha ya mjomba isahau. Leseni ni ya mtu, siyo ya ukoo. Yeye akienda na wewe ukamfuata unajifunza sawa, ila ukikutwa unayo peke yako mtaingia ndani wote wawili.

Na hizo nguo za mabaka usinunue kabisa. Huko kwenye video ni kawaida, hapa kwetu raia kuvaa kitu kinachofanana na sare za jeshi ni kosa, hata hutafika porini, utaruka kichura hapohapo stendi. Vaa kaki au kijani iliyofifia, basi. Ila nikuibie siri moja: usivae bluu wala nyeusi. Ndorobo, yule mbung'o, anaipenda bluu kuliko mtoto anavyopenda pipi, ndo maana hata mitego ya ndorobo inatengenezwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Kuna mwaka nilivaa jaketi la bluu bahari asubuhi ya baridi nikajiona mjanja, saa nne nilikuwa najichapa mwenyewe kama kichaa na swala wote wamekimbilia Tabora.

MamaShamba
Kwani lazima uue? Nunua kamera kaka, hakuna kesi ya uhujumu uchumi kwa kupiga picha

Kwamtoro_Halisi
Mzee hapo juu kamaliza upande wa serikali, mi niongeze upande wa mnyama. Sisi Wasandawe mababu waliishi kwa upinde, nenda Kolo huko Kondoa kaangalie ile michoro kwenye mapango, pofu na twiga wamechorwa na watu wenye mishale, hiyo kazi ni ya zamani kuliko hizo kamera zenu.

Babu yangu hakuwahi kunifundisha kulenga. Kanifundisha majivu. Unachukua majivu laini ya jikoni yaliyochekechwa unaweka kwenye soksi kuukuu unafunga, ukifika porini unaitingisha taratibu usawa wa kiuno unaangalia vumbi linaelekea wapi. Usiangalie majani ya juu, juu upepo unaenda kwake na chini unaenda kwake. Nusu saa nyingine unatingisha tena. Swala akikuona anaweza akasimama akushangae, anapiga mguu chini, anainua shingo anataka ajue wewe ni nini, bado una nafasi. Akikunusa hamna mjadala, ule mlio wake kama chafya unausikia mara moja na kundi zima limeshapotea.

Huku kwetu kiangazi upepo mwingi unatoka mashariki, kwahiyo mtu wa mjini anadhani ni rahisi, ingia kwa magharibi basi. Sio hivyo. Kwenye milima asubuhi kukiwa na baridi hewa inateremka kwenye makorongo, jua likishaanza kuchoma inageuka inapanda. Ndo maana mtu anakaa vizuri saa kumi na mbili, saa tatu anashangaa wanyama wanamkimbia na yeye hajasogea hata kidole. Hujasogea wewe, harufu yako imesogea.

Kukaa chini nako kuna namna. Tafuta mti mnene kuliko mabega yako uegemee, na ukae upande wa kivuli. Kabla hujakaa fagia majani makavu kwa mguu mpaka udongo uonekane, maana jani moja la mwezi wa nane likilia hapo ni sawa na kupiga honi. Simu zima, siyo silenti, ZIMA, ule mwanga usoni ni tochi.

Mazoezi hayahitaji kibali cha mtu. Nenda kanyemelee mbuzi wa jirani. Ukifika hatua kumi bila mbuzi kuinua kichwa ndo uanze kuota habari za swala.

Mbongo_Missouri
Nipo huku Marekani mwaka wa tisa, nawinda kila mwezi wa 11, hao wa pembe za matawi anaowasema mtoa mada. Niweke sawa kitu, wale siyo swala, ni jamii nyingine kabisa, pembe zinadondoka na kuota upya kila mwaka. Swala wa kwetu pembe akishapata kapata.

Na ule uhuru mnaouona kwenye video haupo hivyo. Hapa Missouri aliyezaliwa kuanzia 1967 lazima asome kozi ya usalama ndo anunue leseni. Msimu wa bunduki lazima uvae kofia na kizibao cha rangi ya chungwa kali, mnyama haioni kama tunavyoiona sisi, ila mwindaji mwenzako anaiona, na kwenye pori la umma anayeweza kukutoa roho ni mwindaji mwenzako. Muda wa kupiga ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Ukipiga unaripoti siku ileile kabla ya saa nne usiku. Kwahiyo msione mtu kakaa peke yake kwenye gogo mkadhani kajiendea tu.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza. Nilipiga dume vizuri tu, akaruka akakimbia, na mi kwa furaha nikainuka nikamkimbilia. Nikamkurupua kutoka alipokuwa ameshalala, akaenda nusu maili nyingine kwenye kijito, damu ikaishia majini. Nilimtafuta mpaka usiku, sikumpata. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma kuliko fedha ya leseni.

Wa_Nkuhungu
Dah asanteni, rifle ya mjomba nimeirudisha kichwani, yani sijaigusa. Sasa Mzee hapo kwenye kupiga, tuseme siku moja nimepata kibali na leseni yangu, nasubiri muda gani? Na mi Muislamu, huyo mnyama akifa kabla sijamfikia je?

MzeeWaNyayo
Subiri akupe ubavu, nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini. Kama anakutazama uso kwa uso usipige, wewe bado mwanagenzi. Ukishapiga kaa palepale, weka alama kwa macho aliposimama na alipopotelea, halafu nusu saa usinyanyuke. Kisha nenda kaiangalie damu. Ikiwa nyepesi ya pinki ina mapovu hiyo ni mapafu, hayupo mbali. Ikiwa nzito imekolea na ina harufu ya tumbo umemharibu, rudi kaa masaa kadhaa ndo umfuate, ukimfuata sasa hivi yatakukuta ya huyo ndugu wa Missouri. Na kwenye nyayo tembea pembeni yake, usikanyage juu, utazihitaji tena ukipotea.

Dume na jike uwajue kabla ya kuinua bunduki. Swala pala, tandala, pongo, nsya, dume tu ndo mwenye pembe. Ila pofu, palahala, korongo na kongoni wote dume na jike wana pembe, hapo wageni wengi nimewashika mkono kidole kikiwa kwenye traiga.

Hilo la dini, wawindaji Waislamu niliokuwa nao walikuwa wanasema Bismillah wakati wa kufyatua, na wakimkuta bado ana uhai wanamchinja. Zaidi ya hapo muulize shekhe wako, mi ni Mkatoliki.

Wa_Nkuhungu
Marejesho wakuu. Jumapili nilikuwa Mvumi kwa wakwe, nikabeba soksi ya majivu nikaenda kunyemelea mbuzi wa baba mkwe kama nilivyoelekezwa. Upepo nilikuwa nao usoni, kila kitu safi, natambaa taratibu, nimebakiza kama hatua ishirini hivi. Mbuzi hawakuniona. Ila kijana anayewachunga aliniona, mtu mzima yuko chini kwenye majani anamwaga majivu kutoka kwenye soksi kuelekea kwenye zizi, akapiga yowe la mchawi mpaka majirani wakatoka na mapanga. Nimeeleza nusu saa nzima. Baba mkwe kanielewa, mama mkwe bado.