Naomba ushauri: wiki ya theluji Ufaransa, na mama mzee ambaye hatateleza

BintiPangani
Asalam aleikum ndugu zangu, na wengine wote habari za siku. Nipo Leicester na mume wangu na watoto wawili, mkubwa miaka 9 mdogo 4 na nusu. Kila mwaka wenzao darasani wanakwenda ski, kuteleza kwenye theluji, wanarudi na hadithi, safari hii tumesema na sisi tuwapeleke, haftemu (ile likizo fupi ya shule) ya Februari 2027, wiki moja, Ufaransa kwenye milima ya Alps. Hakuna kati yetu aliyewahi hata kuvaa buti za ski.

Sasa kuna mama yangu. Atakuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, ana miaka 68, magoti si mabaya ila kuteleza hawezi na wala hataki, yeye anachotaka ni kuiona theluji kwa macho yake na kuishika basi. Sitaki nimpeleke halafu akae siku sita ghorofani anatuangalia dirishani kama mgonjwa. Nataka kijiji haswa, kijiji cha watu, chenye soko na kanisa la zamani na nyumba za mawe, aweze kutoka mwenyewe na bakora yake akazunguka akarudi. Megève nimeiona kwenye picha roho ikanienda mbio lakini bei zake hapana. Chamonix kila mtu anaitaja. Mume wangu yeye kang'ang'ania Flaine kwa sababu ya theluji ya uhakika.

Kwahiyo maswali yangu ni kijiji gani, viza ya mama (yeye na mume wangu wana pasi za Tanzania, mimi na watoto tuna za Uingereza), na habari ya chakula halali. Natanguliza shukrani.

MtuWaGoma_Lyon
Jambo mama. Mimi ni mtu wa Goma, niko nakaa Lyon miaka 12 sasa, na wakati wa baridi kazi yangu ni kupeleka wageni na minibusi kutoka uwanja wa ndege mpaka juu kwenye milima, kwa hiyo hivi vijiji nimevizunguka mingi sana.

Megève ni pazuri kweli, magari ya farasi na kila kitu, lakini ile familia tajiri ya benki ya Rothschild ndiyo iliijenga jina baada ya vita ya kwanza, walitaka matajiri wa Ufaransa wawe na pahali pao badala ya kwenda St. Moritz kule Uswisi, na mpaka leo bei inafuata hiyo historia. Chamonix si kijiji tena, ni mji, Olimpiki ya kwanza ya baridi ilifanyika pale 1924, na sehemu za kuteleza zimetawanyika bonde zima unapanda bus kila asubuhi, tena nyingi ni kali. Kwa batoto wa kwanza kujifunza na mama mzee mimi singekupeleka pale.

Nenda Samoëns. Ni kijiji cha mafundi wa mawe, walikuwa na chama chao toka 1659, walikuwa wanatembea Ufaransa yote kujenga halafu wanarudi kwao, ndiyo maana nyumba zake, kisima chake, kanisa lake, vyote ni mawe yaliyochongwa vizuri kabisa. Kwenye uwanja wa kati kuna mti mkubwa wa mtilia uliopandwa 1438, uko hai mpaka leo. Jumatano asubuhi ni soko, jibini, mkate, soseji, asali. Na kuna bustani ya maua ya mlimani ambayo aliitoa Marie-Louise Jaÿ, binti wa kijiji pale aliyeondoka bado kijana kwenda Paris kuuza dukani, mwishowe yeye na mume wake wakawa wenye La Samaritaine, lile duka kubwa kabisa. Aliporudi kwao akajengea kijiji hiyo bustani, 1906. Mwambie mama hiyo hadithi akiwa amekaa chini ya ule mti, ataipenda.

Kutoka pale kijijini kuna gondola, gari la kamba, inawapandisha dakika chache mpaka Samoëns 1600, kule mita 1,600 juu, ambapo ndipo watoto wanajifunza. Na hiyo Flaine ya mume wako ni eneo moja nayo, lote linaitwa Grand Massif, km 265 za njia za kuteleza. Ila Flaine ni zege tupu, ilichorwa na Marcel Breuer, wapenda usanifu wanaisifu, lakini bibi wa Tanga atatembea wapi pale?

Kevo_Geneva
Hujambo mamake watoto. Nakubaliana na huyo ndugu juu ya kijiji lakini wacha niseme ile kitu haijasemwa, Samoëns iko chini sana, mita mia saba na kitu tu juu ya bahari. Kuna wiki za Februari theluji imejaa mpaka mlangoni na kuna wiki unapata matope na mvua kijijini, theluji iko huko juu peke yake. Flaine iko mita 1,600 na lifti za kuwapandisha watelezaji zinaenda karibu 2,500, hapo mume wako hakukosea hata kidogo.

Mwinuko nao usikutishe kwa sababu ya mama. Nairobi ni kama mita 1,700, kwa hivyo hapo 1600 watoto wanafunzwa ni kama amesimama Nairobi, na kama amewahi kwenda Lushoto basi kijiji chenyewe kiko chini ya Lushoto mbali sana. Kitu singempandisha ni Aiguille du Midi pale Chamonix, hiyo ni 3,842, gari la kamba linakutoa bondeni hadi juu kwa muda mfupi kichwa kinazunguka hata kwa kijana.

Usafiri: ndege hadi Geneva halafu gari au treni. Treni za Léman Express zinafika hadi mji wa Cluses, kutoka hapo ni basi kama kilomita 20 hadi Samoëns. Mkikodi gari, hakikisha lina tairi za baridi au minyororo, Haute-Savoie ni sheria tangu 1 Novemba hadi 31 Machi, na ukichukulia upande wa Uswisi kuna stika ya barabara kuu franka 40 kama gari halina. Msifike Jumamosi kama mnaweza kuepuka manake nyumba karibu zote zinapangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, Februari Wafaransa wenyewe wako likizo kwa zamu za kanda tatu, hapo msongamano wa magari ni wa kulia.

Na tafadhali, msinunue pasi ya lifti (tiketi ya kupandishwa mlimani) ya eneo lote siku ya kwanza. Kuna pasi ndogo ya wanaoanza, hiyo inawatosha siku mbili tatu bila shida. Watu hulipa karibu euro 300 kila mtu mzima halafu wiki nzima wako kwenye mteremko mmoja wa mita mia.

BiMkubwa_Saint-Denis
Wa aleikum salam mwanangu. Mie Mzanzibari nakaa karibu na Paris, watoto wangu wote wamejifunza ski na shule. Kabla ya yote hayo ya gondola, umetazama kalenda? Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, mwezi ukiandama. Haftemu yenu itaangukia katikati ya mfungo. Wewe na mumeo mtafunga huku mnaanguka na kunyanyuka kwenye baridi, na mama yako mtu mzima safarini? Nakuomba mfikirie hilo kwanza.

Chakula sasa. Ukienda mkahawani vyakula vya Savoie vitatu ndivyo vitakavyokuzonga. Tartiflette ni viazi na jibini la reblochon, ndani yake wanatia vipande vya nguruwe. Fondue ile ya jibini ya kuchovya mkate inapikwa na mvinyo mweupe, usidanganyike kwamba ni jibini tu. Raclette ndiyo nyepesi, jibini linayeyushwa linamwagiwa juu ya viazi, hakuna mvinyo ndani, ila huletwa na sinia la nyama za nguruwe pembeni, waambie wasilete kabisa. Walio wakali kuhusu kigandishi cha jibini, kwa kuwa huweza kutoka kwa mnyama, wenyewe wataamua. Sisi tunapanga nyumba yenye jiko, nyama tunanunua kwenye miji ya Annemasse au Cluses kabla ya kupanda juu, na bizari za pilau natoka nazo nyumbani. Mtoto akitoka kwenye theluji akakuta wali wa nazi umeiva hahitaji fondue mwanangu.

Stara haina tabu yoyote. Unavaa kile kifuniko chembamba cha kichwa na shingo chini ya helmeti na jaketi refu, hakuna atakayekutazama maana wote wamejifunika. Wudhuu chukua kabla hujavaa buti, ukishazifunga hutataka kuzifungua.

Viza: mama aombe ya Schengen, ile moja inayotumika Ufaransa na Uswisi pia, akiwa Tanzania kabla hajaja huko, ubalozi kwa kawaida wanataka uombe unapoishi, si ulipo matembezini. Apate ya Uingereza kwanza, maana watauliza anarudi wapi, na ile ya mgeni ya kawaida inamruhusu kutoka na kuingia tena. Hata kama mtatua Geneva, anaomba Ufaransa kwa sababu ndiko mtakakolala. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Wasingoje dakika ya mwisho, zile siku 15 za kushughulikia maombi zinaweza kufika 45. Mumeo naye aombe hukohuko Uingereza kwa kuwa ni mkaazi.

BintiPangani
Subhanallah, Bi Mkubwa Mungu akulipe kheri, yaani nimepanga bei nimepanga mabegi nikasahau mfungo! Nimekaa na mume wangu usiku tumeangalia, Februari tumeifuta. Krismasi bei zimeshapanda na theluji ya Desemba naambiwa ni bahati nasibu. Inabaki likizo ya Pasaka, Pasaka 2027 ni 28 Machi, Idi itakuwa imeshapita. Lakini sasa si ndio Samoëns theluji itakuwa imeisha kabisa? Mume wangu anashangilia Flaine yake.

MtuWaGoma_Lyon
Mama sikiliza, mimi naona Pasaka ndiyo imekutengenezea safari. Kijijini theluji itakuwa imeyeyuka, ndiyo. Sasa si ndiyo vizuri kwa mama? Februari barabara za mawe zinakuwa barafu, mtu wa miaka 68 na bakora hapana, kila siku utakuwa na hofu ya kiuno kuvunjika. Mwisho wa mwezi wa tatu chini kumekauka, jua linatoka, majani yanaanza, maporomoko ya maji kule Sixt yanaanza kushuka kwa nguvu kwa sababu theluji inayeyuka, na Sixt ni jirani kabisa na Samoëns, mpeleke hata nusu siku. Soko liko, mti uko, watu wamekaa nje. Halafu akitaka theluji anakata tiketi ya mtu wa miguu ya gondola, anapanda na nyinyi mpaka 1600, anaikuta nyeupe, anaishika, anakunywa chokoleti ya moto huku anaangalia wajukuu, akichoka anashuka.

Ila theluji ya wakati ule inabadilika ndani ya siku moja. Asubuhi ngumu, saa tano nzuri, saa nane mchana imekuwa kama uji, miguu inazama, hapo ndipo wanaoanza wanajitegua magoti. Weka masomo ya asubuhi, mchana shukeni kwa mama. Kama kule 1600 imekuwa nyepesi mwalimu atawapeleka juu zaidi, mlima ni mmoja.

Kevo_Geneva
Sawa hapo mzee umenishinda, kwa Pasaka na mama naondoa Flaine. Lakini angalieni tarehe ya kufunga lifti kabla hamjalipa, na hiyo sheria ya tairi hata ikiisha 31 Machi theluji haijui kalenda, chukueni gari lenye tairi za baridi.

Watoto: shule kubwa ni ESF, walimu wa koti jekundu, wako kila kijiji. Huyo wa 4 na nusu ataingia kikundi cha Piou-Piou, huyo wa 9 anaanza ngazi za chini, Ourson halafu Flocon halafu nyota ya kwanza, na mwisho wa wiki wanapewa medali, utaona vile ataivaa hadi Leicester. Wakubwa pia chukueni mwalimu, usikubali mumeo akufunze na yeye hajui. Njia za kijani ndizo rahisi, halafu bluu, nyekundu, nyeusi.

Soksi ni moja tu ndefu nyembamba, watu wetu huvaa tatu kwa kuogopa baridi ndio miguu inakufa ganzi kabisa. Suruali ya jinzi isiguse theluji. Losheni ya jua mpake wote, hata ngozi yetu, theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya mionzi na mwezi wa nne jua la mlimani ni kali, mama msimsahau, miwani ya jua nzuri na mafuta ya midomo. Na bima ya kuokolewa mlimani ni euro chache kwa siku, unaiongeza ukinunua pasi. Kubebwa na machela kutoka mlimani kunalipiwa, si bure.

Mkubwa wako mwambie kuhusu Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliteleza Olimpiki ya 2018 akiwakilisha Kenya. Na Philip Boit wetu 1998 kule Nagano, alimaliza wa mwisho kilomita 10 za ski, na Bjørn Dæhlie, Mnorwe aliyekuwa amechukua dhahabu akamngoja pale mwisho wa mbio amkumbatie. Boit akaja kumpa mtoto wake jina la Dæhlie. Mimi hiyo hadithi hunigusa kila mara.

BiMkubwa_Saint-Denis
Mama mkatie nyumba ya chini, bila ngazi nyingi, na iwe karibu na uwanja wa ule mti asitegemee gari. Mchukulieni na buti zenye meno chini, hata kama kijijini pakavu, kule juu atahitaji.

BintiPangani
Basi tumekubaliana, Samoëns, wiki ya Pasaka, nyumba ya chini yenye jiko, masomo asubuhi. Mume wangu tumemwahidi siku moja apande mpaka Flaine akaione zege yake, mwalimu akisema yuko tayari. Viza ya Uingereza ya mama tunaanza mwezi huu.

Nimempigia jana usiku nikamsimulia yule binti wa kijiji aliyekwenda Paris akarudi na bustani. Akanyamaza, halafu akauliza jina lake nani, nikamwambia, akalirudia mara mbili. Kisha akaniambia atatafuta kanga mbili nzuri hapo hapo Tanga kwa shangazi, za mwenye nyumba tutakayofikia, hawezi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu.